Bunduki ya Yale: risasi imepigwa, mantiki ikashindwa kusema kama Fred kafa

Kisa chenyewe ni kifupi sana. Kuna jamaa anaitwa Fred, yuko hai. Kuna bunduki, inajazwa risasi. Watu wanasubiri kidogo, hakuna kinachofanyika. Alafu bunduki inafyatuliwa kumlenga Fred. Swali ni moja tu, Fred yuko hai au kafa?

Mtoto wa darasa la pili atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Sasa mwaka 1986 pale chuo kikuu cha Yale, Marekani, Steve Hanks na Drew McDermott walikichukua kisa hiki wakakiandika kwa lugha rasmi ya mantiki, wakakipitisha kwenye mantiki tatu zilizokuwa zinategemewa sana kwa kazi ya aina hii, na zote tatu zikashindwa kusema Fred kafa. Hazikusema yuko hai pia. Zilisema labda kafa, labda yuko hai na bunduki ilijitoa risasi yenyewe wakati watu wanasubiri, hatuwezi kuchagua. Makala yao ilisomwa mwaka huohuo kwenye mkutano wa akili bandia wa AAAI kule Philadelphia na kuanzia hapo kila mtu aliyekuwa anaandika mantiki ya matukio na muda alilazimika kujibu swali la Fred kwanza kabla hajasikilizwa.

Wapo wanaokisimulia hiki kisa kama kichekesho cha wataalamu wa akili bandia. Mimi nakiona ni kati ya visa vya maana kabisa kwenye fani nzima, manake kinaonyesha waziwazi ni sehemu gani hasa mabadiliko yanatupiga chenga tukitaka kuyaandika, na hiyo sehemu sio pale ambapo wengi wanadhani. Ndo maana nataka nikipitie chote, hatua kwa hatua, na kanuni zake.

Turudi nyuma kidogo. John McCarthy, huyu ndo aliyelitunga lile jina la akili bandia, tangu miaka ya 50 mwishoni alikuwa anataka kompyuta ipewe maarifa ya kawaida ya binadamu kwa sentensi za mantiki, alafu ijifikirie yenyewe ifanye nini. Mwaka 1963 akaja na kalkulasi ya hali, na 1969 akaipanua pamoja na Patrick Hayes. Wazo lenyewe ni rahisi. "Hali" ni dunia nzima ilivyo kwa wakati fulani. Ukifanya kitendo kwenye hali moja unapata hali nyingine. Alafu kuna sifa, vitu vinavyoweza kuwa kweli kwenye hali hii na visiwe kweli kwenye ile: bunduki ina risasi, Fred yuko hai, mlango uko wazi.

Kwenye ile makala ya 1969 wanajaribu kuthibitisha kwamba mtu mmoja anaweza kuongea na mwenzake kwa simu. Anafungua kitabu cha simu anatafuta namba, anapiga, wanaongea. Wakakwama sehemu ambayo hakuna mtu angeitegemea: kanuni ya kusema kwamba ukitafuta namba kwenye kitabu utaijua ipo, lakini hakuna kanuni inayosema kwamba baada ya kufungua kitabu bado simu yako unayo. Ukitaka uthibitisho ukamilike inabidi uandike na hiyo. Na uandike kwamba ukifungua kitabu rangi ya nyumba haibadiliki, na jirani hahami, na kila kitu kingine. Ukiwa na sifa 100 na vitendo 50, zinakaribia sentensi 5,000 za kusema tu "hiki hakibadiliki". Hilo ndo walilolipa jina la tatizo la fremu.

Dawa iliyoonekana inafaa ilikuwa ni kuandika sentensi moja tu kwa wote: kila sifa inabaki ilivyokuwa, isipokuwa kama kuna jambo la ajabu limetokea. Alafu unaiambia mantiki yako ichukulie maajabu ni machache kadiri inavyowezekana. Hapo umetoka kwenye mantiki ya kawaida, kwa sababu kwenye mantiki ya kawaida ukiongeza taarifa mpya hakuna hitimisho la zamani linalofutika, ila hapa taarifa mpya inaweza kufuta uliloamini jana. Toleo moja la jarida la Artificial Intelligence la mwaka 1980 lilibeba mantiki tatu za namna hii kwa mpigo. Moja ya McCarthy, ya kubana maajabu yawe machache. Moja ya Ray Reiter, mantiki ya difolti, yani ya kuchukulia jambo ni kweli mpaka lionekane vinginevyo. Na ya tatu ya Drew McDermott na Jon Doyle. Ndio, McDermott huyuhuyu wa Yale. Yani mmoja wa watu waliokuja kuibomoa nyumba ni mmoja wa waliochimba msingi wake, na hii kitu mi naiheshimu sana.

Sasa tuandike kisa. Nitatumia maneno ya Kiswahili kwenye kanuni, kompyuta haijali. H0 ni hali ya mwanzo, s ni sifa yoyote, k ni kitendo chochote, h ni hali yoyote, na baada(k, h) ni hali unayoipata ukifanya k kwenye h. Mshale → usome "basi".

Kweli(hai, H0)
Kweli(ina_risasi, baada(jaza, h))
Kweli(ina_risasi, h) → Ajabu(hai, piga, h) na sio Kweli(hai, baada(piga, h))
Kweli(s, h) na sio Ajabu(s, k, h) → Kweli(s, baada(k, h))

Mstari wa kwanza, Fred yuko hai mwanzoni. Wa pili, ukijaza bunduki, baada ya hapo ina risasi, hata ungejaza kwenye hali gani. Wa tatu, kama bunduki ina risasi na ukapiga, basi uhai wa Fred umepatwa na ajabu na hali inayofuata hayuko hai tena. Wa nne ndo ile sentensi ya jumla, sifa iliyo kweli inabaki kweli baada ya kitendo chochote kama hakuna ajabu. Kuhusu kusubiri hatujaandika kitu kabisa, na hatujaandika kwa makusudi, kwa sababu kusubiri hakufanyi kitu na mstari wa nne ndo unatakiwa uibebe hiyo kazi.

Mfuatano ni kwamba H1 ni baada ya kujaza, H2 ni baada ya kusubiri, H3 ni baada ya kupiga. Swali, je Kweli(hai, H3)?

Anza mwanzo uende mbele, kama unavyosoma stori. H0 Fred hai. H1 Fred hai, bunduki ina risasi. Kusubiri, hakuna ajabu, kwa hiyo H2 Fred hai na bunduki bado ina risasi. Piga, mstari wa tatu unafanya kazi, H3 Fred kafa. Maajabu kwenye njia nzima ni moja: Ajabu(hai, piga, H2).

Sasa anza nyuma. Hapa naomba usome taratibu, manake hapa ndo kisa chote kilipo. Mantiki imeambiwa ipunguze maajabu, haijaambiwa ianzie wapi. Basi inajiuliza, hivi haiwezekani hata lile ajabu la kupiga nalo lisiwepo? Inawezekana. Tuseme hakuna Ajabu(hai, piga, H2). Kwa mstari wa nne Fred anabaki hai H3, safi kabisa. Lakini mstari wa tatu unasema kama bunduki ingekuwa na risasi ajabu lingekuwepo, sasa halipo, kwa hiyo H2 bunduki haikuwa na risasi. Na H1 ilikuwa nayo. Basi imetoka lini? Wakati wa kusubiri. Kwa hiyo Ajabu(ina_risasi, subiri, H1). Hesabu maajabu: moja.

Umeona? Dunia ya kwanza ina ajabu moja, la Fred kufa. Dunia ya pili ina ajabu moja, la risasi kutoweka wakati hakuna aliyegusa kitu. Na hakuna hata moja kati yao iliyo ndani ya mwenzake, yani huwezi kupunguza maajabu ya dunia ya pili bila kuongeza lingine sehemu nyingine. Mbinu ya McCarthy inachukua dunia zote ambazo haziwezi kupunguzwa zaidi, na hitimisho ni kile tu kilicho kweli kwenye zote. Kwenye moja Fred kafa, kwenye nyingine yu hai, basi hitimisho kuhusu Fred hakuna. Hata ukisema acha mambo ya kupunguza, tuhesabu tu yapi machache, ni moja kwa moja, sare. Mantiki ya difolti nayo inatoa matokeo mawili hayohayo. Ile ya McDermott na Doyle nayo vilevile.

Mtu anaweza kusema si uongeze kanuni kwamba kusubiri hakutoi risasi, yakaisha? Ukiongeza, kwa Fred yanaisha kweli. Ila umerudi kwenye zile sentensi 5,000, kwa sababu kesho badala ya kusubiri atapiga chafya, keshokutwa atafungua kitabu cha simu, na kila kimoja utaandikia kanuni yake ya kutokufanya kitu. Mashine yote ya miaka ya 80 ilijengwa ili hizo sentensi zisiandikwe.

Na kuna jambo lingine ambalo Hanks na McDermott walilisema na naona halijapewa uzito wake. Programu ndogo inayotembea na muda mbele, hatua moja baada ya nyingine, inapata jibu sahihi bila shida. Si kitu kigeni hicho, mfumo wa STRIPS wa Fikes na Nilsson tangu 1971, uliokuwa unapanga safari za roboti Shakey kwenye kituo cha utafiti cha SRI, California, ulikuwa unafanya hivyohivyo: kila kitendo kina orodha ya vinavyoongezeka na orodha ya vinavyofutwa, ambacho hakimo kwenye orodha hakiguswi. Sasa kama programu inapata jibu na mantiki haipati, na ili kujua programu inafanya nini inabidi usome programu, hiyo mantiki ni ya kazi gani? Wao hilo swali waliliuliza kwa moyo mmoja. Mwaka 1987 McDermott akaandika makala kali akatangaza kwamba ile ndoto ya kuandika maarifa ya kawaida yote kwa mantiki yeye ameiacha. Mtu aliyekuwa kambini kabisa. Wengi walikasirika, na ukisoma majibu ya wakati ule unaona kabisa watu wameumia.

Basi wakaanza kutafuta dawa, na dawa ya kwanza ilikuja harakaharaka, mwaka uleule 1986, kwa watu watatu kila mtu na njia yake: Yoav Shoham, Henry Kautz na Vladimir Lifschitz. Wazo lao la pamoja ni kwamba tusiyaweke maajabu yote kwenye mzani mmoja, tuangalie na muda. Dunia inayochelewesha ajabu ndo nzuri kuliko inayoliwahisha. Dunia ya pili ajabu lake linatokea wakati wa kusubiri, mapema. Dunia ya kwanza linatokea wakati wa kupiga, baadaye. Basi dunia ya kwanza imeshinda, Fred kafa, kisa kimefungwa.

Ni jibu zuri ukiliangalia juujuu. Kimsingi wameichukua ile programu inayotembea mbele wakaiweka ndani ya mantiki. Ila Kautz mwenyewe, kwenye makala hiyohiyo aliyotoa dawa, akaonyesha dawa yake inapofia. Umepaki gari, umeondoka, muda umepita, umerudi gari haipo. Imeibiwa lini? Binadamu yeyote atasema sijui, wakati wowote kati ya nilipoondoka na niliporudi. Ila mantiki ya kuchelewesha maajabu inakuambia kwa uhakika kabisa kwamba gari imeibiwa dakika ya mwisho, ulipokuwa unakaribia kufika. Kwa nini? Kwa sababu kila dakika kabla ya hapo ilikuwa na nafasi ya kutokuwa na ajabu. Hebu fikiria mpelelezi anayefanya kazi hivyo, kila wizi umetokea sekunde moja kabla mwenye mali hajafungua mlango!

Andrew Baker baadaye akaleta kisa kingine kwa ajili hiyohiyo, nacho kinamhusu Fred. Safari hii hatujui kama bunduki ina risasi. Fred yuko hai, bunduki inapigwa, watu wanasubiri, mwishoni Fred amekutwa amekufa. Wewe moja kwa moja utahitimisha kwamba bunduki ilikuwa na risasi na Fred alikufa ilipopigwa. Mantiki ya kuchelewesha inasema hapana, bunduki ilikuwa tupu, Fred kafa wakati wa kusubiri, kwa sababu hiyo ndo njia ya kusogeza kifo chake mbele kadiri inavyowezekana. Yani dawa iliyomuua Fred vizuri kwenye kisa cha kwanza, kwenye hiki inamwachia aliyempiga risasi.

Kwa hiyo muda peke yake sio jibu. Na hapa ndo nasema kile ninachokiamini kuhusu kisa chote hiki: kosa halikuwa kwenye kupunguza, kosa lilikuwa kwenye kile kilichopunguzwa. "Ajabu" ni kapu limebeba vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo. Fred kufa kwa risasi kuna sababu, tumeiandika wenyewe mstari wa tatu. Risasi kutoweka wakati wa kusubiri hakuna sababu yoyote iliyoandikwa popote. Ile kanuni ya kupunguza haioni tofauti hiyo, inaona mabadiliko mawili, basi. Ukiibana idadi ya mabadiliko, mantiki itakuwa tayari kubuni badiliko lisilo na sababu ili ikwepe badiliko lenye sababu. Kinachotakiwa kubanwa ni matukio na sababu, mabadiliko yenyewe yaachwe yatoke kama yanavyotoka.

Lifschitz na Brian Haugh, kila mtu kivyake, 1987 wakaenda upande huo. Badala ya kupunguza Ajabu wakapunguza Husababisha. Kusubiri hakujaandikiwa kusababisha kitu, basi ukipunguza usababishaji kusubiri hakusababishi kitu, bunduki inabaki na risasi, Fred anakufa. Haijalishi umeanzia mbele au nyuma.

Ila mimi njia ninayoipenda zaidi ilikuwa imeshaandikwa kabla kelele hazijaanza vizuri, na wenyewe hawakuwa wanamfikiria Fred. Robert Kowalski na Marek Sergot, Imperial College, London, 1986, kalkulasi ya matukio. Wao shida yao ilikuwa hifadhidata na kuelewa masimulizi: mtu kaajiriwa tarehe fulani, kapandishwa cheo tarehe fulani, kaacha kazi, je tarehe hii alikuwa na cheo gani? Badala ya kuanza na hali ya dunia nzima, unaanza na matukio. Sifa inakuwepo kama kuna tukio liliianzisha na hakuna tukio lililoikatiza hapo katikati. Kama daftari la wakala wa pesa kwa simu: salio halikai limeandikwa peke yake sehemu, linatokana na miamala iliyoingia na kutoka, na muamala ambao haujaandikwa haujatokea.

Haya ni maandishi yenyewe kwa Prolog, lugha ya kuandikia programu kwa kanuni za mantiki, toleo lililorahisishwa, na ukiyapiga kwenye kompyuta yanafanya kazi:

ipo(S,T) :- mwanzo(S), \+ imekatizwa(0,S,T).
ipo(S,T2) :- tukio(K,T1), T1 < T2, huanzisha(K,S,T1), \+ imekatizwa(T1,S,T2).
imekatizwa(T1,S,T2) :- tukio(K,T), T1 < T, T < T2, humaliza(K,S,T).

mwanzo(hai).
huanzisha(jaza, ina_risasi, _).
humaliza(piga, hai, T) :- ipo(ina_risasi, T).
humaliza(piga, ina_risasi, _).
tukio(jaza,1).
tukio(subiri,2).
tukio(piga,3).

Mistari mitatu ya juu ni ya kila kisa, haimjui Fred wala bunduki. Ya chini ndo kisa chetu. Alama ya \+ maana yake ni "imeshindikana kuthibitisha", na hiyo ndo inafanya kazi ya kupunguza. Keith Clark ndo aliipa hiyo alama maana yake ya kimantiki mwaka 1978, kwamba kisichothibitika kinahesabiwa hakipo.

Uliza ipo(hai,4). Programu inasema Fred alikuwa hai mwanzo, je kuna kilichokatiza uhai wake kati ya 0 na 4? Inapitia matukio. Kujaza, hakuna kanuni inayosema kujaza kunamaliza uhai. Kusubiri, hakuna. Kupiga saa 3, ipo kanuni, ila inataka bunduki iwe na risasi saa 3. Inaenda kuangalia: kujaza saa 1 kulianzisha risasi, je kati ya 1 na 3 kuna kilichoikatiza? Tukio pekee hapo katikati ni kusubiri saa 2, na hakuna popote pameandikwa kwamba kusubiri kunamaliza ina_risasi. Imeshindikana kuthibitisha, basi risasi ipo. Basi kupiga kumemaliza uhai. Basi ipo(hai,4) ni hapana. Fred kafa.

Ile dunia ya pili imeenda wapi? Ili risasi itoweke saa 2 lazima kuwe na humaliza(subiri, ina_risasi, _), na orodha ya humaliza imeshafungwa kabla hatujaanza kuuliza habari za Fred. Alafu angalia kale ka-alama :- , kanaenda upande mmoja tu. Kanuni ya kupiga inatoka kwenye risasi kwenda kwenye kifo, haiwezi kusomwa kinyumenyume kutoka "Fred hajafa" kwenda "bunduki ilikuwa tupu". Kumbuka dunia ya pili ilizaliwaje: ilizaliwa tulipousoma mstari wa tatu kinyumenyume. Kwenye mantiki ya kawaida "A basi B" na "sio B basi sio A" ni kitu kimoja, hakuna ubaya wowote. Ila sababu haiko hivyo, sababu ina upande.

Murray Shanahan ndo aliyeiweka hii vizuri kwa mantiki kamili bila kutegemea Prolog, na kazi yake kubwa ikatoka 1997. Siri ni kutenganisha: kwanza unabana orodha ya matukio yaliyotokea, peke yake. Unabana kanuni za kuanzisha na kumaliza, peke yake. Kanuni ya sifa kudumu haimo kwenye hizo unazobana, unaileta baadaye baada ya mengine kufungwa. Utaratibu wa kufunga ndo unaofanya kazi yote.

Na gari iliyoibiwa? Hapa kalkulasi ya matukio inanifurahisha zaidi. Umeandika kwamba kupaki kunaanzisha gari kuwepo, na wizi unamaliza. Tukio la kupaki lipo, la wizi halijaandikwa, kwa hiyo programu inasema gari ipo. Wewe umefika unaona haipo. Sasa huendi kupunguza kitu, unauliza swali la upande mwingine: ni tukio gani nikiliongeza kwenye orodha litaeleza hiki ninachokiona? Wizi. Saa ngapi? Saa yoyote baada ya kupaki na kabla ya kurudi, zote zinaeleza sawasawa, hakuna inayopendelewa. Jibu lilelile la binadamu. Shanahan alishalisema hilo 1989, kutabiri na kueleza ni kazi mbili, usizilazimishe zipite mlango mmoja. Fred wa Baker naye hivohivo: umemkuta amekufa, bunduki ilipigwa, kitu pekee kinachoeleza ni kwamba mwanzoni ilikuwa na risasi, basi unaongeza mwanzo(ina_risasi) na kila kitu kinakaa sawa. Muuaji kapatikana.

Reiter yeye 1991 akapita njia fupi zaidi ndani ya kalkulasi ya hali yenyewe: kwa kila sifa andika sentensi moja tu yenye "ikiwa na ikiwa tu". Bunduki ina risasi baada ya kitendo ikiwa na ikiwa tu kitendo kilikuwa kujaza, au ilikuwa na risasi tayari na kitendo hakikuwa kupiga. Kusubiri hakutajwi na hakuhitaji kutajwa. Hapo huhitaji hata mantiki ya kubadili mawazo, mantiki ya kawaida inatosha, manake kazi ya kufunga orodha umeifanya kwa mkono wako wakati unaandika. Ndani yake ukiangalia ni jambo lilelile.

Kuna jaribio moja zaidi ambalo kila ukiweka dawa ya Fred lazima ulipitishe, la Fangzhen Lin, 1995. Sanduku lina kufuli mbili. Zote zikiwa juu, sanduku linafunguka. Ya kwanza iko juu tayari, ya pili iko chini, sanduku limefungwa. Unainua ya pili. Kila mtu anajua sanduku litafunguka. Sasa andika "zote juu basi wazi" kama sentensi ya kawaida alafu punguza mabadiliko, utapata dunia mbili: moja sanduku linafunguka, nyingine sanduku linabaki limefungwa na ile kufuli ya kwanza, ambayo hakuna aliyeigusa, inashuka yenyewe chini. Badiliko moja kwa moja, sare tena. Lin aliongeza neno la kusababisha kwenye kanuni, kufuli zote kuwa juu kunasababisha sanduku kuwa wazi, sanduku kufungwa hakusababishi kufuli kushuka, na akabana usababishaji badala ya mabadiliko. Dunia ya kufuli kushuka ikafa palepale, na sanduku likafunguka.